Kupima na kutabiri hali ya hewa shuleni: mwongozo kamili kwa shule za Mtwara na Lindi

Shule nyingi zina kituo cha hali ya hewa kwenye daftari la Jiografia tu: mchoro wa kisanduku cheupe, mchoro wa kipimamvua, mchoro wa kishale cha upepo, halafu mtihani. Mwongozo huu ni wa kuvitoa vitu hivyo kwenye mchoro na kuvisimamisha uwanjani kwa uwezo wa klabu ya wanafunzi, iwe shule iko Mikindani, Kilwa Masoko, Masasi au Newala. Na haukomei kwenye kupima. Kupima bila kutabiri kunachosha haraka, na anayechoka huanza kujaza namba za kubuni. Lakini mwanafunzi aliyeandika jana kwamba leo itanyesha, na jina lake limebandikwa ubaoni, atakwenda mwenyewe kuchungulia kipimamvua bila kutumwa.

Mnahitaji faneli pana ya plastiki, chupa mbili za maji za lita moja na nusu, bomba la sindano la mililita 20 au 50, themometa mbili za kawaida, themometa moja ya kupima joto la juu na la chini kabisa (ile yenye umbo la U), mbao na rangi nyeupe, bati kuukuu, kitambaa cha pamba, na daftari gumu la kaunta. Barometa, yaani kipima mgandamizo wa hewa, ikipatikana ni vizuri. Kama haipo, baadhi ya simu zina kihisi cha mgandamizo wa hewa, na programu ya bure inatosha kukisoma.

Eneo na kaskazini

Tafuteni mahali pa wazi penye nyasi fupi. Kila kizuizi, kiwe mwembe au paa la darasa, kiwe mbali angalau mara mbili ya urefu wake: mwembe wa mita 10 unataka mita 20. Hapo ndipo shule nyingi zinapokosea, kwa sababu mahali panapoonekana pazuri ni karibu na ofisi ya walimu, na ofisi ya walimu huwa chini ya mti. Zungushieni uzio wa fito au wavu. Mbuzi hana heshima kwa sayansi.

Kaskazini msiisome kwenye simu peke yake, maana dira ya simu karibu na nondo au bati hupotoka. Simamisheni fimbo wima, chora duara kuizunguka kwa kamba. Asubuhi ncha ya kivuli ikigusa duara, weka jiwe. Alasiri ikigusa tena, weka la pili. Mstari kutoka jiwe la kwanza kwenda la pili unatoka magharibi kwenda mashariki. Njia hii inafaa mwaka mzima, hata karibu na Oktoba 20 na Februari 21, siku ambazo kwetu kwenye latitudo 10 kusini jua la adhuhuri linapita utosini na kivuli cha saa sita karibu kinatoweka.

Mvua: kazi inayotaka uangalifu kuliko zote

Chimbieni chupa ardhini iliyofungwa faneli juu yake, mdomo wa faneli uwe kama sentimita 30 kutoka usawa wa ardhi ili matone yanayoruka kutoka mchangani yasiingie. Mdomo uwe mlalo kabisa. Pimeni kwa pima maji ya fundi au kwa sahani yenye maji. Faneli yenye ukingo uliosimama ni bora kuliko iliyotandazika, kwa sababu mvua kali ikipiga plastiki iliyotandazika, maji yanaruka nje. Mkikosa, gundisheni kipande cha kopo la rangi kuwa ukuta, kipenyo chake kiwe sawa na cha faneli.

Mvua hupimwa kwa milimita za kina. Milimita 1 ni sawa na lita 1 ya maji juu ya mita moja ya mraba. Kubadili mililita mlizokuta chupani, zidisheni kwa 10 kisha gawanyeni kwa eneo la mdomo wa faneli kwa sentimita za mraba. Faneli ya kipenyo cha sentimita 12 ina eneo la 113.1. Mkikuta mililita 85, mvua ni 850 gawanya kwa 113.1, yaani milimita 7.5. Kipenyo kipimeni ndani ya ukingo, mara tatu, pande tofauti. Anayesoma 12.5 mahali pa 12 atapata milimita 6.9 kwa maji yaleyale, na kosa hilo atalibeba msimu mzima.

Kwa nini chupa ya lita moja na nusu? Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, huita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 kwa saa 24. Kwa faneli hii, milimita 50 ni mililita 565. Chupa ndogo ya nusu lita ingefurika kwenye milimita 44, yaani siku ileile ambayo kila mtu atataka kujua imenyesha kiasi gani. Chupa kubwa inafika milimita 132. Ile ya pili ni ya kubadilishia: mnatoa moja, mnaweka nyingine, mnakwenda kupima kivulini bila haraka.

Saa ya kusoma ni saa 3 asubuhi, kila siku, na kichwa cha safu kwenye daftari kiandikwe hivi: "mvua ya saa 24 zilizoishia saa 3 asubuhi." Maneno hayo yanaondoa ubishi wa mvua ya usiku ni ya jana au ya leo.

Kuna tofauti kubwa kati ya vitu vitatu vinavyofanana. Hakuna mvua: andika 0.0. Yameanguka matone lakini hayapimiki: andika M. Hakuna aliyesoma: piga mstari. Kisanduku kitupu hakiruhusiwi, kwa sababu mwakani hakuna atakayejua kama hakukuwa na mvua au hakukuwa na mtu. Mkikosa Jumamosi na Jumapili, Jumatatu someni maji yote, andikeni jumla na "siku 3" pembeni yake. Msiigawe kwa tatu. Kugawa ni kutunga mvua ambayo haikunyesha.

Joto na kisanduku cheupe

Themometa iliyotundikwa ukutani inapima joto la ukuta. Ndiyo maana Thomas Stevenson, mhandisi wa Uskoti, alibuni katika karne ya 19 kisanduku cheupe chenye mbao za mshazari kinachopitisha upepo na kuzuia jua. Seremala wa kawaida anakitengeneza akiona picha. Paa liwe la tabaka mbili zenye nafasi katikati, na themometa zikae kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini. Miguu ipakeni oili chafu kutoka gereji, mchwa wa huku hawachelewi. Pwani, bawaba za chuma huliwa na chumvi. Vipande vya mpira wa tairi hufanya kazi ileile.

Vitabu husema mlango uelekee kusini kwa nchi zilizo chini ya ikweta. Kwetu ushauri huo ni kweli nusu tu: kuanzia karibu Oktoba 20 hadi karibu Februari 21 jua la adhuhuri liko upande wa kusini. Mkisoma saa 3 asubuhi jua bado liko mashariki na tatizo ni dogo. Mkisoma saa 9 alasiri miezi hiyo, mwenzako asimame akukinge, au jengeni milango miwili.

Kabla ya kuziingiza, zipimeni themometa zote kwa barafu. Vipande vya barafu iliyosagwa, kama ile wanayonunua wavuvi, changanyeni na maji kidogo, korogeni, subirini dakika tano. Zisome nyuzi 0. Ikisoma 1, bandikeni karatasi: "toa 1."

Joto la juu kabisa mnalolisoma saa 3 asubuhi ni la jana mchana. La chini kabisa ni la alfajiri ya leo. Someni yote, rudisheni alama za themometa ya U ziguse kimiminika tena, fungeni mlango. Pwani ya Mtwara alfajiri za Julai huzunguka nyuzi 20, na mchana wa Novemba na Desemba huvuka 30. Themometa ikiwapa 41, anzeni kwa kushuku kisanduku. Newala ni baridi zaidi kwa sababu ya mwinuko wa Uwanda wa Makonde, hivyo shule ya Newala na ya Shangani, Mtwara mjini, zikibadilishana namba kila Ijumaa zitapata somo ambalo hakuna mwalimu anayeweza kulifundisha vizuri zaidi ubaoni.

Unyevu ni rahisi. Themometa mbili za kawaida zikae pamoja, moja ivikwe kitambaa cha pamba kinachonyonya maji safi kutoka kichupani. Iliyolowa husoma chini, na pengo likiwa dogo hewa ina unyevu mwingi. Kavu 29 na iliyolowa 26 ni unyevu wa karibu asilimia 78. Kavu 30 na iliyolowa 23 ni karibu asilimia 53. Kitambaa kibadilishwe kila wiki, kikishika vumbi na chumvi kinadanganya.

Upepo na mawingu

Upepo huitwa kwa upande unakotoka. Kishale cha bati juu ya mlingoti kinatosha, mkia ukiwa mpana kuliko kichwa. Kwa nguvu, msihangaike na vikombe vinavyozunguka mpaka mtakapopata fedha. Kipimo cha Francis Beaufort, afisa wa jeshi la maji la Uingereza aliyekianza mwaka 1805, kinasomwa kwa macho. Moshi wa jikoni ukipanda wima ni 0. Ukiusikia upepo usoni na majani yananong'ona ni 2. Bendera ya shule ikinyooka ni 3. Vumbi la uwanja wa mpira na makaratasi yakiruka ni 4, kilomita 20 hadi 28 kwa saa. Matawi makubwa ya mwembe yakiyumba na mwavuli ukisumbua ni 6. Watu wakitembea kwa shida ni 7, na hapo wavuvi wameshavuta mitumbwi juu siku nyingi.

Mawingu: gawanyeni anga vipande vinane, semeni vingapi vimefunikwa. Kisha andikeni sura kwa maneno yenu: unyoya wa juu, pamba zilizotengana, blanketi la kijivu, au mnara mweusi wenye kichwa bapa. Huo wa mwisho ndio wenye radi. Inatosha.

Mgandamizo wa hewa, ambao vitabu vinaueleza kwa ajili ya nchi nyingine

Kanuni ya kitabuni inasema barometa ikishuka mvua inakuja. Fuateni kanuni hiyo Lindi, mtatabiri mvua kila siku alasiri. Katika ukanda wa tropiki mgandamizo hupanda na kushuka wenyewe mara mbili kwa siku: juu karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, chini karibu saa 10 alasiri na saa 10 alfajiri, kwa tofauti ya hektopaskali (kipimo cha mgandamizo) 2 au 3. Ni mdundo wa kawaida wa anga na hauna habari yoyote ya mvua.

Kwa hiyo linganisheni saa na saa: saa 3 ya leo na saa 3 ya jana. Tofauti ya 1 ni kawaida. Mabaharia wana kanuni ya zamani kuhusu vimbunga vya tropiki: mgandamizo ukiwa chini ya wastani wa msimu kwa hektopaskali 3, baada ya kutoa mdundo wa siku, shuku, ukiwa chini kwa 5, kimbunga kiko jirani. Wastani wenu mtaupata kutoka daftari lenu baada ya mwezi mmoja.

Shule za juu zisishtuke. Kila mita 8 hadi 9 unazopanda, inapungua hektopaskali 1, kwa hiyo namba ya Newala itakuwa chini sana kuliko ya Mikindani hata siku ya jua kali.

Kutabiri

Utabiri uandikwe kwa wino kabla ya saa 9 alasiri, kwa ajili ya saa 24 zitakazoanza kesho saa 3 asubuhi. Uwe na mambo manne yanayopimika: mvua ya milimita 1 au zaidi (ndiyo au hapana), joto la juu, upande wa upepo saa 9 alasiri, na nguvu yake. "Kesho kutakuwa na hali ya mawingu kiasi" si utabiri wa klabu, kwa sababu hauwezi kukosea.

Anzeni na msimu, kwa sababu msimu ndio unaobeba nusu ya jibu. Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Juni hadi Septemba ni kusi, upepo wa kusini mashariki. Mvua ni chache, na utabiri wenye maana ni wa upepo na wa baridi ya alfajiri. Miezi hiyo wakulima wa korosho wanapuliza salfa kukinga mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, na salfa ya unga inataka asubuhi tulivu. Jaribuni kutabiri hilo tu: je, saa 12 asubuhi kesho upepo utakuwa 2 au chini? Mzazi yeyote wa Tandahimba ataelewa kazi yenu mara moja.

Oktoba na Novemba kusi hulegea, joto linapanda, na upepo huanza kugeuka kuwa kaskazi, upepo wa kaskazini mashariki. Hapa angalieni pengo la themometa mbili. Likipungua siku mbili tatu mfululizo huku mawingu ya pamba yakianza kurefuka kabla ya saa sita, nafasi ya mvua inakua. Ni utabiri wenye faida, maana korosho zilizookotwa na kuanikwa hazipendi kunyeshewa. Desemba hadi Machi ni kaskazi na mvua zenyewe, lakini mara nyingi katikati, mwishoni mwa Januari au Februari, hupita kipindi cha ukavu kinachowachanganya wanaotabiri kwa mazoea.

Pwani, ongezeni mdundo wa siku. Usiku upepo hutoka bara kwenda baharini, mchana bahari hupuliza bara. Upepo wa bahari ukisukuma hewa yenye unyevu, minara ya mawingu huonekana upande wa bara alasiri wakati mjini ni jua. Kwa hiyo shule ya Mtwara mjini ikiona mnara mweusi magharibi saa 8 mchana, isiandike "mvua kesho" kwa woga. Huenda ni mvua ya watu wa bara leo.

Nendeni pia kwa wavuvi, Msangamkuu (Mtwara) au Kitunda (Lindi), jioni wanaposhona nyavu. Mwamkue mzee kwa shikamoo, muulize anaangalia nini kabla ya kuingia baharini, kisha mnyamaze. Ishara atakayowapa iandikwe daftarini na tarehe, ipimwe kwa msimu mzima kama utabiri mwingine wowote. Zingine zitawashinda ninyi na barometa yenu, zingine hazitafika popote.

Utabiri wa TMA usomeni baada ya kuandika wa kwenu, si kabla. Ukitangulia kuusoma, unanakili.

Kujipima

Hapa ndipo klabu nyingi hujidanganya. Julai, anayeandika "hakuna mvua" kila siku atapata karibu siku zote, na hajui lolote. Wekeni mpinzani mvivu: utabiri wa "kesho kama leo". Kama leo imenyesha, yeye anasema kesho itanyesha. Leo kavu, kesho kavu. Mwandikieni jina ubaoni, mpeni alama kama wengine.

Tuseme Januari yenye siku 31 imekuwa hivi: mlitabiri mvua ikanyesha, mara 10; mlitabiri mvua haikunyesha, mara 5; mlisema hakuna ikanyesha, mara 4; mlisema hakuna na kweli hakuna, mara 12. Mmepata 22 kati ya 31, asilimia 71. Mvivu kapata 19, asilimia 61. Mmemshinda, lakini msiishie hapo: siku za mvua zilikuwa 14 na mmezinasa 10, mlipiga kelele ya mvua mara 15, na 5 zilikuwa za bure. Aliyeanika ufuta anaumizwa na zile 4. Aliyeahirisha safari anaumizwa na zile 5.

Kidato cha tatu na cha nne watabiri kwa asilimia. Ukisema 70 na ikanyesha, kosa lako ni 0.3 (1 toa 0.7) kwa kipeo cha pili, yaani 0.09. Isiponyesha ni 0.49. Wastani mdogo wa mwezi ndiye mshindi. Kipimo hiki alikitoa Glenn Brier, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, mwaka 1950, na kinawaadhibu sana wanaojiamini bila sababu.

Likizo na dhoruba

Tatizo kubwa la daftari la shule huku ni kalenda. Mvua zinaanza wakati shule inafungwa Desemba, na kila mwaka mwanzo wa msimu unakosekana. Pangeni zamu ya wanafunzi wanaoishi karibu, na mfundisheni mlinzi kusoma mvua peke yake: chupa, bomba la sindano, namba ya mililita. Hesabu mtaifanya mkirudi. Mpeni daftari lake na kalamu mbili, na jina lake liwe kwenye orodha ya wanaklabu.

Aprili ndiyo mwezi wa kukaa macho. Kimbunga kilichopiga Lindi kilikuja Aprili 15, 1952. Kimbunga Kenneth kiliingia Msumbiji, kusini yetu, Aprili 25, 2019. Jobo kilidhoofika kabla ya pwani Aprili 2021. Hidaya kilifika Mei 4, 2024, na mafuriko yakakata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam. Ukiupa upepo mgongo, kitovu cha mgandamizo mdogo kiko upande wa mkono wako wa kulia. Na hapo pana mtego: kimbunga kikiwa baharini mashariki yetu, upepo utakaouona unatoka kusini, unafanana na kusi changa ya msimu. Kinachotofautisha ni barometa kushuka ikilinganishwa na saa ileile ya jana, na nguvu kupanda kutoka 4 kwenda 6 bila kupumzika usiku.

Mkiona hivyo msitangaze kimbunga kijijini. Taarifa kwa umma ni kazi ya TMA, na maneno ya kusikiliza redioni ni angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Mwambieni mkuu wa shule mlichokisoma, saa na namba. Halafu shusheni kishale, toeni themometa, fungeni kisanduku kwa kamba kwenye nguzo nne. Kipimamvua kiacheni palepale, na chupa ya pili iwe tayari.